Ngome ya Dunnottar kule Uskoti, kuna nini pale zaidi ya mawe juu ya bahari?

kibo_juu (Moshi)

Wakuu habari za jioni. Mungu akipenda mwezi wa tisa naenda Aberdeen kusoma masters, sasa naanza kujisomea kidogo kuhusu huko niendako na kila nikifungua picha za pwani yao nakutana na ngome moja inaitwa Dunnottar. Imekaa juu ya jabali, bahari imeizunguka karibu pande zote, paa hamna, kuta nyingi zimebomoka, na bado watu wanaisifia kuliko yale makasri mazima yenye mazulia na vyombo vya fedha. Nimejaribu kusoma historia yake nikachanganyikiwa, huyu anasema Wallace, yule anasema taji, mwingine anasema wafungwa, mpaka sijui nishike lipi.

Naomba mwenye kuijua anieleze kwa lugha ya kawaida, ilikuwa ya nani, kulitokea nini pale, na kwa nini imebaki gofu. Na je mtu wa Aberdeen asiye na gari anafika? Natanguliza shukrani.

njiro_block_c (Arusha)

Dada hongera kwa chuo. Mimi nimesoma hukohuko Aberdeen kwa hiyo naanza na safari, historia wapo humu wenye nayo.

Kufika ni rahisi sana. Panda treni Aberdeen ushuke Stonehaven, ni kama kilomita 24 kusini, yaani chukulia Moshi mpaka Boma Ng'ombe hivi. Basi pia yapo na mengine yanapita barabara ya ngome yenyewe. Ila ushauri wangu shuka Stonehaven mjini, teremka bandarini, afu ufuate njia ya miguu inayopanda ukingo wa bahari, ni kama kilomita tatu. Njiani kuna mnara wa kumbukumbu ya vita uko juu ya kilima, waliujenga kwa makusudi uonekane kama jengo lililobomoka nusu kwa ajili ya vijana ambao maisha yao yalikatika kabla ya kumalizika. Simama pale kidogo. Ukishaupita tu mbele ndo unaiona Dunnottar na hapo utaelewa watu wanasifia nini, maana hakuna picha inayokupa ule ukubwa wa nafasi, magenge ya mita 50 yanashuka wima mpaka kwenye maji, na juu yake eneo tambarare la kutosha kijiji, na majengo yametawanyika humo.

Mwamba wenyewe uangalie kwa karibu, ni wa kokoto za mviringo zilizogandamana, unaonekana kabisa kama zege alilomwaga fundi, ila una umri wa zaidi ya miaka milioni 400.

Kuingia sasa. Jabali limeunganishwa na nchi kavu kwa shingo nyembamba tu, kwa hiyo unashuka ngazi nyingi mpaka chini karibu na ufuo halafu unaanza kupanda upya kupitia lango lililobanwa kwenye ufa wa mwamba. Ukiwa pale chini unatazama juu unaelewa mara moja adui alikuwa na kazi gani, kila hatua kuna tundu la bunduki linakutazama. Magoti yawe mazima. Na angalia hali ya hewa kabla hujatoka, upepo ukizidi wanafunga, hawataki mtu apeperushwe.

mwl_historia_kcmc_road (Moshi)

Nimefurahi kuona swali hili, naomba mnivumilie nitaandika kirefu.

Kibo_juu unachanganyikiwa kwa sababu ile sehemu imetumika zaidi ya miaka elfu moja na kila anayekusimulia anachukua kipande chake. Kumbukumbu za kale za Ireland zinataja kuzingirwa kwa ngome mahali pale mwaka 681 na tena 694. Mfalme Donald wa Pili anatajwa kuuawa pale mwaka 900 Waviking waliposhambulia. Mwaka 934 Athelstan mfalme wa Waingereza alipeleka jeshi kaskazini likafika mpaka hapo. Kumbuka kuta unazoziona kwenye picha hazikuwepo bado, hizo nyingi ni za miaka ya 1400 na 1500.

Mjenzi unayetakiwa kumjua ni Sir William Keith, aliyekuwa na cheo cha Marischal wa Uskoti. Hicho cheo kilirithiwa kwenye ukoo wa Keith na kazi yake mojawapo ilikuwa kulinda vitu vya ufalme, hilo liweke akilini maana ndo kiini cha habari yote. Miaka ya 1390 alijenga mnara wa mawe, ule mrefu unaoonekana ukiwa unaingia. Tatizo eneo lilikuwa la kanisa, limewekwa wakfu, askofu wa St Andrews akamtenga na kanisa. Keith akaandika barua kwa Papa Benedict wa Kumi na Tatu na mwaka 1395 akafunguliwa, kwa sharti la kulipa fidia. Ukoo ukakaa pale zaidi ya miaka 300 baada ya hapo, wakaongeza jumba la kifahari, kanisa jipya, mazizi ya farasi, sehemu ya fundi chuma, ya kuoka mikate, ya kutengeneza pombe, tangi kubwa la maji. Mary malkia wa Waskoti alifika mwaka 1562. Na wewe unayeenda kusoma Aberdeen ujue kwamba Earl (cheo cha kikabaila cha kurithi) wa tano wa ukoo huo, George Keith, ndiye aliyeanzisha chuo cha Marischal mwaka 1593, ambacho baadaye kiliunganishwa kwenye chuo kikuu cha Aberdeen. Kwa hiyo hao watu wa gofu utakutana nao mjini kabla hujapanda treni.

Sasa tufike kwenye taji.

Mwaka 1649 Waingereza walimkata kichwa mfalme Charles wa Kwanza, na vito vya kifalme vya Uingereza vikayeyushwa na kuuzwa. Waskoti wao wakamtawaza mwanae, Charles wa Pili, pale Scone tarehe 1 Januari 1651, kwa taji, fimbo na upanga wao wenyewe. Hivyo vitatu ni vya zamani kweli, fimbo na upanga vilitoka kwa mapapa na taji lilitengenezwa upya mwaka 1540 kwa ajili ya mfalme James wa Tano. Oliver Cromwell, kamanda wa Waingereza waliompinga mfalme, alishaingia Uskoti na jeshi lake na Edinburgh ilikuwa mkononi mwake, kwa hiyo vitu haviwezi kurudi kwao. Vikapelekwa kwa mlinzi wa jadi, Dunnottar.

Septemba 1651 ngome ikazingirwa. Ndani kuna gavana anaitwa George Ogilvie na askari wachache, nje kuna jeshi ambalo limeshaichukua karibu Uskoti yote. Wakakaa hivyo majira yote ya baridi, miezi minane, na wewe utakapoonja Januari ya pale utajua miezi hiyo ilikuwaje. Mwishowe mizinga mikubwa ikafika, ikapigwa siku kumi mfululizo, na tarehe 24 Mei 1652 Ogilvie akasalimu amri. Waingereza wakaingia wanatafuta taji. Hamna.

Vitu vilishatoka zamani. Mke wa mchungaji wa kijiji cha Kinneff, kilomita chache kusini, jina lake Christian Fletcher, ndiye aliyevipokea. Kuna masimulizi mawili. Moja linasema aliingia ngomeni kwa ruhusa ya maadui wenyewe na kuvitoa kidogo kidogo, vimefichwa kwenye mizigo ya kitani. La pili linasema viliteremshwa kwa kamba kwenye jabali upande wa bahari na chini alikuwepo mtumishi wa kike anajifanya anaokota mwani. Na kuna mwanamke mwingine, Anne Lindsay, ndugu wa mke wa gavana, alitoka katikati ya jeshi lile na nyaraka za mfalme zimeshonwa ndani ya nguo zake.

Kinneff walivifukia chini ya sakafu ya kanisa. Miaka minane. Mchungaji James Granger na mkewe walikuwa wanavifukua usiku kila baada ya miezi mitatu na kuvianika mbele ya moto visiharibiwe na unyevu, kisha wanavirudisha, na Jumapili watu wanakuja kusali juu yake bila kujua. Ogilvie na mkewe Elizabeth Douglas walifungwa na kubanwa waseme. Hawakusema. Mwaka 1660 Charles wa Pili aliporudi kutawala vikafukuliwa vikiwa salama, na leo ukienda Edinburgh unavikuta ngomeni.

Kwangu mimi Dunnottar ni hiyo. Ngome ilishindwa na kilichokuwa ndani yake hakikupatikana, na waliofanya hivyo si majenerali.

chalii_wa_sakina (Arusha)

Mwalimu heshima yako, nimesoma yote. Ila umemruka William Wallace, yule aliyewaongoza Waskoti kupigana na Waingereza. Mimi nilisikia 1297 alifungia wanajeshi 4,000 wa Uingereza ndani ya kanisa la hapo akawachoma moto wote. Hiyo si ndo kubwa kuliko zote?

mwl_historia_kcmc_road (Moshi)

Chalii wangu nimeiruka kwa makusudi. Hiyo habari inatoka kwa mshairi anaitwa Blind Harry aliyeandika kama miaka 180 baada ya tukio, na hiyo 4,000 ni namba ya shairi. Kwamba Wallace aliiteka Dunnottar mwaka 1297 inakubalika kwa wengi, na kanisa lilikuwepo kweli maana liliwekwa wakfu 1276. Lakini chukua ukubwa wa lile eneo, ni kama ekari tatu na nusu jabali zima pamoja na majengo, halafu wapange watu 4,000 ndani ya kanisa moja dogo. Simulizi iheshimiwe kama simulizi. Sipendi tu imfunike Christian Fletcher, ambaye kazi yake imeandikwa na ushahidi tunao.

mama_wa_kiborloni (Moshi)

Nimesoma habari ya huyo mama Christian nikaenda kumtafuta zaidi na nimekuta kitu kimeniuma, naomba nikiweke hapa.

Mfalme aliporudi 1660 watu waligombana nani aliokoa taji. Ogilvie akavutana na mama yake Marischal kuhusu sifa. Mwisho wa siku Ogilvie akapewa cheo. John Keith, mdogo wake Marischal, naye akapanda baadaye mpaka akawa Earl wa Kintore. Christian Fletcher Bunge likampitishia merk 2,000, ndo pesa yao ya wakati huo, na hela hiyo haikulipwa kamwe.

Yaani mwanamke amepita katikati ya jeshi, amelala miaka minane na kitu ambacho kingemnyongesha yeye na mume wake na pengine watoto, ameamka usiku kuwasha moto na kukausha upanga wa watu, afu wenye majina ndo wanapanda vyeo. Sisi wamama wa sokoni tunaijua hii habari bila kwenda Uskoti. Mwanangu kibo_juu ukifika huko tafadhali usiishie kwenye ngome, nenda na Kinneff kwenye hilo kanisa. Nimesoma jengo la sasa ni la karne ya 18 lakini ni mahali palepale na kuna kumbukumbu yake na ya mumewe.

kibo_juu (Moshi)

Mama shikamoo, nitaenda. Sikuwa najua kabisa hiyo ya malipo na imenigusa sana.

Mwalimu asante mno, sasa imekaa kichwani kwa mpangilio. Bado mbili: wafungwa ni akina nani, na kwa nini gofu? Kwa sababu kama Cromwell aliipiga mizinga na mfalme akarudi, si wangejenga upya?

mzee_wa_usharika (Arusha)

Binti yangu, habari ya wafungwa naomba niieleze mimi kwa sababu inahusu imani na nimeisoma kwa moyo.

Walikuwa Wakristo wa Kiprotestanti wa Uskoti walioitwa Covenanters. Waliamini kichwa cha kanisa ni Kristo peke yake, na hawakukubali kula kiapo cha kumtambua mfalme kuwa na mamlaka juu ya kanisa. Mwaka 1685, kipindi cha uasi dhidi ya mfalme James, serikali iliogopa wasije wakaungana na waasi, ikawaswaga kwa miguu kutoka kusini mpaka Dunnottar. Walikuwa 167, wanaume 122 na wanawake 45. Wote wakasukumwa kwenye chumba kimoja cha chini chenye urefu wa mita 17 na upana wa mita nne na nusu, dirisha linatazama baharini. Piga hesabu mwenyewe kila mtu alipata nafasi gani. Ilikuwa Mei, joto linaanza, maji hayatoshi, hakuna usafi wa aina yoyote.

Kama 25 walitoroka kwa kuteremka jabali. Wawili walianguka wakafa, 15 walikamatwa tena. Watano walifia mle ndani. Waliokubali kuapa walikuwa 37 wakaachiwa. Waliobaki wakapakiwa kwenye meli kwenda New Jersey huko Marekani, na wengi wao hawakufika, hata mwenye mradi wa safari hiyo, George Scot, alifia njiani.

Hicho chumba bado kipo na unaingia. Kwenye makaburi ya kanisa la Dunnottar, nje ya ngome, kuna jiwe la kuwakumbuka waliokufa. Nasema hivi kwa sababu watu wanaisifia ile ngome kwa uzuri tu. Ni kweli ni nzuri. Lakini miaka 33 tu baada ya Ogilvie na mkewe kukataa kusema taji lilipo, kuta zilezile zilitumika kuwabana watu wengine waseme kitu kisichokuwa moyoni mwao, na wao pia wengi wakakataa. Ukisimama mle ndani nyamaza kidogo kwa ajili yao.

mwl_historia_kcmc_road (Moshi)

Mzee asante sana, umeieleza inavyostahili.

Kuhusu gofu, Cromwell siyo aliyeimaliza. Iliendelea kukaliwa. Kilichoiua ni siasa na biashara. Mwaka 1715 Earl wa kumi, naye George Keith, alijiunga na waliotaka kumrudisha mfalme wa ukoo wa Stuart, ule wa akina Charles na James. Wakashindwa, akakimbilia Ulaya, cheo na mali vikataifishwa mwaka 1716. Serikali ikaiuza kwa kampuni moja ya London, York Buildings Company, na hao hawakuhitaji ngome, walihitaji vinavyouzika. Wakang'oa dari, sakafu, mbao, kila chenye bei. Paa likishatoka mvua ya pale inamaliza kazi yenyewe.

Mdogo wake Earl huyo, James Keith, alikimbia pia, akaja kuwa jenerali mkubwa wa Prussia, ufalme wa Kijerumani, chini ya mfalme Frederick na akafa vitani Hochkirch mwaka 1758. Yaani ukoo uliotunza taji la Uskoti ukaishia kupigana vita vya watu.

Karibu miaka 200 gofu likakaa hivyo hivyo. Mwaka 1919 likanunuliwa na familia ya Cowdray na kuanzia 1925 Lady Cowdray akasimamia matengenezo, kuzuia kuta zisiendelee kuanguka, na chumba kimoja kikarudishiwa dari ya mbao ya kuchonga. Hawakujaribu kujenga upya yote na mimi naona walifanya vizuri. Ukiweka paa jipya na viti vya kununua utapata jumba la miaka ya 1920, hutapata Dunnottar.

guide_wa_old_moshi (Moshi)

Mimi naongoza wageni Old Moshi, na Waskoti nawapata wengi wanaokuja kupanda mlima. Wakifika kwenye ule mti alionyongewa Mangi Meli mwaka 1900 nikiwaambia kichwa chake kilichukuliwa kwenda Ujerumani na ukoo bado unakitafuta, nimeona Waskoti wanauliza maswali kuliko wengine, wanataka kujua nani anakitafuta, kimefika wapi, nani anazuia. Sasa nimeelewa kwa nini. Kwao walificha cha kwao chini ya sakafu wakakipata, wanajua uzito wake.

Swali langu kwa mwalimu, lile taji lilipotolewa Kinneff likaenda moja kwa moja Edinburgh likakaa mpaka leo?

mwl_historia_kcmc_road (Moshi)

Mangi, swali zuri. Lilirudi, ila baada ya Uskoti na Uingereza kuungana 1707 vitu vyote vitatu vilifungiwa ndani ya sanduku kwenye ngome ya Edinburgh na mlango ukazibwa, kukawa na uvumi kwamba Waingereza wamevichukua. Zaidi ya miaka 100. Mwaka 1818 mwandishi Walter Scott akapata kibali cha kufungua, wakavunja sanduku wakavikuta vimefungwa kwa kitambaa cha kitani. Tangu hapo vinaonyeshwa kwa umma.

Na upanga, kibo_juu, ukifika Edinburgh uangalie vizuri, ulivunjwa ili uweze kufichwa na alama ya kuvunjika ipo.

kibo_juu (Moshi)

Nimepanga hivi sasa: Stonehaven kwa treni, mnara wa vita, ngome, chumba cha wafungwa, siku nyingine Kinneff, na Edinburgh likizo ikija. @njiro_block_c Kinneff bila gari inawezekana? Na mwezi wa tisa nivae nini, mimi baridi yangu naijua ya Marangu tu.

njiro_block_c (Arusha)

Kinneff ni shamba shamba, kanisa liko chini karibu na bahari mbali na barabara kuu, kwa hiyo tafuta mwenzio mwenye gari au mgawane teksi watu watatu wanne kutoka Stonehaven. Uliza wanafunzi wa huko, wengi wenyewe hawajafika na watafurahi kwenda.

Septemba bado siku ni ndefu na ngome inakuwa wazi mpaka jioni, ikishafika Novemba wanafunga mapema kwa sababu giza linaingia saa kumi. Baridi ya Marangu imetulia, ya kule inakuja na upepo kutoka Bahari ya Kaskazini, kwa hiyo sweta peke yake haitoshi, nunua koti lisilopitisha upepo hukohuko Aberdeen, maduka ya mitumba ya hisani yana makoti mazuri bei ndogo. Viatu vya soli yenye meno, zile ngazi zikilowa zinateleza. Na ukishamaliza kuzunguka ndani, kabla hujarudi mjini panda ule upande wa kusini wa njia, watu wengi hawaendi, ukiwa pale unaliona lile genge la upande wa bahari lote kuanzia juu mpaka kwenye maji, utajua mwenyewe kama kamba ingefika.